Mwalimu Asiyewahi Kwenda Vitani

Mwaka 1952 kijana mmoja wa London aliitwa kupimwa afya kwa ajili ya utumishi wa lazima katika jeshi la Uingereza. Akapita kwa daktari huyu na yule, na asubuhi ile daktari wa mwisho kumpima alikuwa wa miguu. Akamtazama, akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi, akamwambia yuko huru kwenda zake. Baada ya wiki chache barua ya serikali ikafika nyumbani: hafai kwa kazi ya jeshi lolote, la nchi kavu, la majini wala la angani, na uamuzi huo ni wa kudumu.

Kijana huyo aliitwa John Keegan. Alichechemea maisha yake yote. Hakuwahi kufyatua risasi vitani wala kulala ndani ya handaki, na hata mlio wa mizinga ya adui hakuusikia kwa mbali. Lakini kwa miaka 26 maafisa vijana wa jeshi la Uingereza walikaa mbele yake kujifunza historia ya vita, na kitabu alichoandika mwaka 1976 kikabadilisha namna fani nzima inavyolieleza pigano. Mimi nakiona ni kitabu cha utu kabla ya kuwa kitabu cha jeshi, na ndiyo maana nataka kumweleza mtu aliyekiandika.

Alizaliwa Clapham, kusini mwa London, tarehe 15 Mei 1934, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Baba yake alikuwa mkaguzi wa shule, na kabla ya hapo alikuwa askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita vya Pili vilipozuka mwaka 1939, familia ikahamia Somerset, magharibi mwa Uingereza, mbali na mabomu. Huko mtoto alikulia kwenye vilima vya kijani, na vita vikamjia kwa sura ya furaha, kama sikukuu isiyokwisha. Wamarekani walipoanza kumiminika kujiandaa kuvuka bahari kwenda Ufaransa, walikuja na magari yasiyowahi kuonekana vijijini, sare nzuri, na pipi za kugawa bila kuhesabu. Usiku wa tarehe 5 Juni 1944, akiwa na miaka kumi, anga juu ya nyumba yao ilijaa ngurumo. Wazazi wakatoka bustanini, naye akawafuata. Juu yao ndege zilipita kundi baada ya kundi, taa zake nyekundu, kijani na njano zikielekea kusini. Asubuhi ndipo ikajulikana kwamba majeshi yameshuka Normandy. Miaka karibu arobaini baadaye aliuandika usiku ule mwanzoni mwa kitabu chake cha Normandy, na ukisoma unahisi kuwa yule mtoto bado amesimama bustanini.

Kisha mwili ukamsaliti. Mwaka 1947, akiwa na miaka 13, alishikwa na kifua kikuu cha mifupa. Ujana wake uliobaki ukapita vitandani: kwanza katika wodi za hewa wazi huko Surrey, halafu katika hospitali ya St Thomas', ng'ambo ya mto Thames ikitazamana na Bunge. Wodi hiyo ilikuwa ya watu wazima, wengi wao wakazi wa kawaida wa London, mafundi na vibarua. Akiwa amelala miongoni mwao alisoma mno, akajifunza Kigiriki na Kifaransa, akawasikiliza wanaume wazima wakizungumza usiku kama wanaume wazungumzavyo wanapokuwa na maumivu.

Wengi wanaosimulia maisha yake huipita miaka hii haraka ili wafike Oxford. Mimi naona hapa ndipo alipoanzia kazi. Aliyelala miaka katika wodi hawezi kuuchukulia mwili kama tarakimu. Anajua mfupa unavyouma usiku wa manane, anajua jeraha linavyonuka likichelewa kusafishwa, na anajua mtu mkubwa anavyolia akidhani wenzake wamelala. Keegan alipokuja kuandika juu ya mapigano, aliuliza maswali ya mtu wa namna hiyo. Aliyejeruhiwa aliangukia wapi, nani alimbeba, alingoja muda gani, na wenzake waliokuwa wamesimama pale waliona nini?

Mwaka 1953 aliingia Balliol College, Oxford, kusoma historia. Ugonjwa ukarudi na kumkatizia masomo, akahitimu mwaka 1957. Vijana wengi wa Uingereza wa rika lake walikuwa wametumikia jeshi kabla ya chuo. Serikali yao iliwatawanya Malaya, Korea, kwenye mfereji wa Suez, na wengine Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Keegan alikaa nao mezani akiwa mtu wa pembeni, akisikiliza visa ambavyo yeye asingeweza kuwa navyo. Baada ya chuo alipata ufadhili wa kwenda Marekani kuzunguka medani za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, akafanya kazi katika ubalozi wa Marekani mjini London, na mwaka 1960 mambo mawili yakatokea kwa pamoja: alioa, na akaajiriwa kuwa mhadhiri wa historia ya vita katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst.

Aliingia dunia ngeni. Alitarajia jeshi moja lenye sare moja, akakuta kitu kinachofanana zaidi na makabila. Kila rejimenti ilikuwa na miiko yake, nyimbo zake, mashujaa wake wa miaka mia mbili iliyopita, namna yake ya kuvaa na ya kula. Afisa angeweza kumsamehe mtu aliyemtukana yeye mwenyewe, lakini si aliyeitukana rejimenti yake. Keegan aliyashika hayo kichwani kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuyafanyia kazi.

Darasani alikuwa na wenzake hodari. David Chandler aliyemwandika Napoleon alikuwapo, na baadaye akaja Richard Holmes. Walifundisha kama ilivyozoeleka tangu zamani: ramani ubaoni, mishale myekundu na ya bluu, brigedi ya kushoto inasonga, ya kulia inazunguka, adui anavunjika. Mbele ya Keegan walikaa vijana wa miaka 19 au 20 ambao baada ya miezi michache wangekabidhiwa platuni ya watu thelathini. Wengine wangepelekwa Aden, wengine Ireland ya Kaskazini. Walijibu mitihani vizuri, ila kulikuwa na swali ambalo adabu ya kijeshi haikuwaruhusu kuliuliza kwa sauti, nalo mwalimu wao hakuweza kulijibu, wala vitabu alivyokuwa akifundishia havikulijibu: je, ikifika saa ile, mimi nitasimama au nitakimbia?

Miaka ya mwanzo ya 1970 aliandika vijitabu vya picha vya bei nafuu kuhusu Vita vya Pili: kimoja cha uvamizi wa Urusi, kingine cha vikosi vya Waffen SS vya Ujerumani, kingine cha jemadari Rundstedt. Vilimfunza kuandika kwa ajili ya msomaji wa mtaani. Halafu mwaka 1976 ikatoka The Face of Battle, kitabu kuhusu sura ya pigano.

Kitabu kinaanza kwa kukiri. Mwandishi anasema wazi kwamba hajawahi kuwa katika pigano wala karibu nalo, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiwafundisha askari jambo asilolijua. Wakati ule kukiri hivyo kulihitaji moyo, maana wengi waliomtangulia walikuwa maafisa wastaafu walioandika kwa mamlaka ya medali zao. Baada ya hapo anawageukia wao kwa upole mkali. Anaonyesha jinsi masimulizi ya mapigano yalivyofanywa kwa fomula, ambamo maelfu ya watu wanatembea kama mtu mmoja, wanashambulia kama mtu mmoja, na wanaangamia ndani ya nusu sentensi. Kisha anachukua siku tatu tu. Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415. Waterloo, tarehe 18 Juni 1815. Somme, tarehe 1 Julai 1916. Zote tatu zilipiganwa katika eneo ambalo leo gari lingelizunguka kwa siku moja.

Sura ya Agincourt ndiyo ninayoirudia zaidi. Mfalme Henry V wa Uingereza ana watu kama 6,000, wengi wao wapiga upinde, wenye njaa na wenye kuhara baada ya majuma ya kutembea. Mbele yao kuna Wafaransa ambao Keegan aliwahesabu kuwa karibu 25,000. Hesabu hiyo sasa ina ubishi. Mwanahistoria Anne Curry alichambua orodha za malipo ya askari na kuonyesha kwamba tofauti ilikuwa ndogo kuliko ilivyosimuliwa. Lakini jambo alilolitafuta Keegan halikuwa hesabu. Anatazama uwanja wenyewe, shamba lililolimwa karibuni, limelowa mvua ya usiku kucha, limebanwa na msitu kushoto na msitu kulia. Mabwana wa Kifaransa wanatembea kwa miguu ndani ya mavazi ya chuma. Walio nyuma wanataka kufika mbele kwenye heshima na mateka wa kukombolewa kwa fedha, kwa hiyo wanasukuma. Walio mbele wamekwisha kukutana na mikuki na wanataka nafasi ya kurudi hatua moja, lakini haipo. Aliyewahi kubanwa kwenye geti la uwanja siku ya mechi ya Simba na Yanga anajua hali hiyo: mkono ukibanwa chini haupandi, na mtu akianguka hainuki. Wengi walikufa hivyo, kwa msongamano na tope. Wapiga upinde, mishale ikiwa imewaishia, wakaingia pembeni na shoka na nyundo zile zile walizopigilia vigingi asubuhi.

Wanatarihi wa zamani waliandika kwamba maiti zilirundikana kuliko kimo cha mtu. Keegan anasimama hapo na kuuliza kama fundi: je, inawezekana? Mtu anayeuawa anaanguka vipi? Mwili unaweza kusimama juu ya mwili mara ngapi kabla ya kuteleza? Anahitimisha kuwa huenda ililala miili miwili au mitatu kwa pamoja, ukuta haukuwapo. Baadhi ya wasomaji walikerwa, wakaona ni kuchezea wafu. Mimi naona kinyume chake. Aliyeandika kwamba maiti zilifika juu ya kichwa hakuwatazama wafu. Alitafuta mfano wa kutisha. Keegan aliwatazama mmoja mmoja.

Waterloo nayo ina yake. Askari wa Wellington, jemadari wa Waingereza, walikuwa wametembea siku mbili, baadhi wamepigana tarehe 16, wote wamelala kwenye mvua usiku wa tarehe 17, na wengi hawakuwa wamekula vya kutosha. Moshi wa baruti ulikuwa mzito kiasi kwamba hawakujua adui yuko umbali gani hadi alipowatokea. Picha maarufu za wachoraji zinaonyesha farasi wakiruka ndani ya vikosi vya miguu vilivyojipanga mraba. Keegan anaeleza kwamba farasi si kombora. Akiona ukuta wa watu na visu vya bunduki anageuka au anasimama. Kilichoamua siku ile ni iwapo watu mia kadhaa waliosimama bega kwa bega wataendelea kusimama. Wellington mwenyewe hakupenda watu waandike historia ya pigano lake. Alilifananisha na usiku wa dansi, ambapo kila mmoja hukumbuka alichocheza na hakuna anayekumbuka mpangilio.

Kisha Somme. Kwa siku saba mizinga ya Waingereza karibu 1,500 ilirusha makombora kama milioni moja na nusu juu ya mahandaki ya Wajerumani. Majemadari waliamini hakuna atakayebaki hai. Lakini Wajerumani walikuwa wamechimba mashimo ya kina cha mita tisa, wakakaa humo bila usingizi, na seng'enge nyingi hazikukatika. Saa moja na nusu asubuhi ya tarehe 1 Julai mizinga ikahamisha shabaha nyuma. Keegan anaiona asubuhi hiyo kuwa mbio za kuwahi ukingo wa handaki: nani atafika kwanza, Mjerumani anayepanda ngazi na bunduki ya rashasha, au Mwingereza anayevuka uwanja akiwa na mzigo wa karibu kilo 30 mgongoni? Hadi jioni Waingereza 57,470 walikuwa wamejeruhiwa, wameuawa au wametoweka, na kati yao 19,240 walikufa. Wengi walikuwa watu wa kujitolea, waliojiandikisha pamoja kutoka mtaa mmoja, kiwanda kimoja, timu moja ya mpira. Keegan haishii kwenye takwimu. Anafuata machela. Anaeleza jinsi madaktari walivyowagawa waliofika: anayeweza kungoja, anayepaswa kupasuliwa sasa, na yule wa kuwekwa pembeni mahali patulivu afe. Nikifika hapo nakumbuka wodi ya St Thomas'.

Kitabu kilimpa jina. Mwaka 1986 aliiacha Sandhurst akawa mwandishi wa habari za ulinzi wa gazeti la Daily Telegraph, na vitabu vikafuatana kwa kasi. The Mask of Command ya 1987 iliwapima Alexander, Wellington, Grant na Hitler kwa kipimo kimoja: kiongozi wa vita anasimama umbali gani kutoka hatarini? Katika kitabu kingine alikwenda baharini, kuanzia pigano la Trafalgar hadi la Midway. Mwaka 1991 alitunukiwa nishani ya OBE baada ya Vita vya Ghuba, mwaka 1998 akatoa mihadhara ya Reith ya BBC, na mwaka 2000 akapewa hadhi ya Sir.

Kazi yake kubwa ya miaka hiyo ilikuwa A History of Warfare ya 1993, na hapa ndipo yale makabila ya Sandhurst yaliporudi. Carl von Clausewitz, afisa wa Prussia ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1832 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba vita ni siasa iliyoendelezwa kwa njia nyingine. Keegan akakataa. Kwake vita ni vya kale kuliko dola na kuliko siasa za dola, navyo ni utamaduni. Akaleta ushahidi kutoka kwa Wazulu, Wamamluki wa Misri, masamurai wa Japani, na watu wa kisiwa cha Easter waliouana hadi kisiwa kikachakaa. Alipinga pia kwa nguvu dhana kwamba binadamu amehukumiwa kupigana milele.

Wanazuoni wakamshambulia. Christopher Bassford alimjibu kwa makala ndefu, akimwambia kwamba Clausewitz anayemkataa siye aliyeandika kitabu kile. Michael Howard naye hakukubali, na neno la Howard lilikuwa zito: alipigana Italia, akapata Military Cross huko Salerno mwaka 1943, na tafsiri ya Clausewitz aliyoifanya pamoja na Peter Paret ilitoka mwaka 1976, mwaka ule ule wa The Face of Battle. Katika ugomvi huo naona Howard alikuwa sahihi kuhusu Clausewitz. Keegan alimsoma kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuamua. Lakini alikuwa sahihi kuhusu makabila.

Ugazeti ulimdai hukumu za kila wiki, na baadhi zilikuwa mbaya. Mwaka 1999 alikuwa ameshikilia kwamba mabomu ya ndege peke yake hayawezi kushinda vita vya Kosovo. Serbia iliposalimu amri aliandika katika gazeti lake kwamba alikosea. Mwaka 2003 aliunga mkono uvamizi wa Iraq, na kitabu alichokitoa kuhusu vita hivyo mwaka uliofuata kiliwahi kufunga hesabu ambayo ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Linaloniuma zaidi ni la mwaka 2000. Kesi ya mwandishi David Irving dhidi ya mwanahistoria Deborah Lipstadt, aliyemwita mkanaji wa mauaji ya Wayahudi, iliposikilizwa mjini London, Keegan aliitwa kwa hati ya mahakama, na kizimbani alisema kwamba madai ya Irving kuwa Hitler hakujua juu ya mauaji ya Wayahudi hayana mantiki. Lakini hukumu ilipotoka dhidi ya Irving, aliandika makala iliyomsifu huyo kwa ustadi wake wa utafiti na kumdogosha Lipstadt. Mtu aliyetufundisha kuwatazama wafu mmoja mmoja hakupaswa kuandika makala ile.

Miaka ya mwisho aliishi Kilmington, kijiji cha Wiltshire, pamoja na mkewe Susanne. Kitabu chake cha mwisho, cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kilitoka mwaka 2009. James McPherson, bingwa wa somo hilo, alikihakiki na kuonyesha makosa mengi ya jiografia. Mwili ulikuwa umechoka. Alifariki nyumbani tarehe 2 Agosti 2012, akiwa na miaka 78.

Kitabu chake cha Vita Kuu ya Kwanza cha 1998 kina kurasa chache kuhusu vita vya huku kwetu. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, yumo, na kukimbizana kwake na majeshi ya Uingereza hadi aliposalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi waliobeba vita hivyo vichwani mwao wanapita haraka mno. Jina lao liko Dar es Salaam na Nairobi, katika masoko na mitaa: Kariakoo, Kariokor, kutoka Carrier Corps. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hufika karibu 95,000, idadi iliyo mara nne na zaidi ya wafu wa siku ile ya kwanza ya Somme, na wengi wao hawakuuawa na risasi.

Swali la Keegan kuhusu watu hao aliliuliza mtu mwingine. Geoffrey Hodges, aliyewahi kufundisha Kenya, aliwatafuta wazee waliokuwa wapagazi kabla hawajaisha, akakaa nao, na mwaka 1986 akatoa kitabu The Carrier Corps. Ndani yake mna uzito wa mizigo, umbali wa safari na baridi ya usiku kwa watu waliopewa blanketi moja. Na mna posho ya unga wa mahindi, waliyopewa watu ambao wengi wao hawakuuzoea, wakaupika kwa haraka bila kuni za kutosha, ukaiva nusu, ukawaharisha damu hadi wakafa kando ya njia.